Mkono Uliopimwa kama Samaki

Ijumaa, tarehe 12 Septemba 1997. Upepo ulianza kabla ya jua, ukitoka upande wa Chisenga, ukalipiga ziwa mpaka likatoa povu kama sufuria ya maharagwe. Vumbi jekundu liliingia hata ndani ya chumvi. Hakuna mtumbwi mdogo uliotoka.

Hivyo ndivyo nilivyoandika asubuhi ile, na habari ya upepo nina hakika nayo. Yaliyofuata nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi, kwa sababu shule mimi niliiacha mapema, kule Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na mambo ya ndani ya mwili si mambo ya kusimulia ovyo. Aliyetueleza alitueleza vizuri. Mahali patakapopinda, mpindaji ni mimi.

Kwa wakwe zangu, hapa Nchelenge, tulikuwa wanne. Mama mkwe alikausha samaki kwa moshi na kuwauzia wafanyabiashara wa Kongo. Mume wangu alivua. Dada yake mkubwa, mjane, alikuwa mulamu wangu, yaani wifi, nami mulamu wake, na kwa Wabemba kazi ya kwanza ya mulamu ni kukutania mpaka ukose pa kutazama. Wa nne mimi, niliyevuka maji na sanduku moja. Wao kwa wao walisema Kibemba. Na mimi walisema Kiswahili cha soko la samaki, kile cha kwetu Kongo, na Kibemba walikinyunyiza juu kama chumvi. Nayaandika maneno yao kama yalivyoniingia sikioni.

Mwaka wa nyuma mulamu alikuwa ameugua kifua kikuu. Alikohoa mpaka majirani wakawa wanaamka kwa kikohozi chake badala ya jogoo. Mama mkwe ndiye aliyempeleka kliniki, na ndiye aliyemsimamia kila asubuhi ameze vidonge, huku mulamu akivitukana kimoja kimoja kabla ya kuvimeza. Kufikia Septemba ile vidonge vilikuwa vimekwisha zamani. Kliniki walikuwa wamepima makohozi yake wakasema ni safi. Alikuwa amenenepa kiasi cha kulilaumu gauni.

Ilibaki sahani.

Kwa kawaida sisi wanawake watatu tungekula pamoja, beseni moja la bukari, yaani ugali, na bakuli moja la mboga katikati. Mume wangu alikula upande wa wanaume na majirani zake. Lakini tangu siku za kikohozi mulamu alipewa sahani yake peke yake, ya bati, imebanduka rangi pembeni, katikati pana picha ya jogoo wa buluu. Ugonjwa uliondoka, jogoo akabaki. Hakuna aliyesema aendelee na hakuna aliyesema aache. Mulamu alifanya mzaha wake: "Miye na huyu jogoo tulisha kuoana. Hata mahari yangu hajalipa." Tukacheka, yeye akacheka zaidi. Lakini siku moja nilimwona amenawa mikono pamoja nasi kwa mazoea, akanyoosha mkono kuelekea beseni, mkono ukasimama hewani, kisha akaushusha akajikuna goti. Goti lile halikuwa likimwasha. Nililiona hilo, nikaomba chumvi.

Lazima nimtendee haki mama mkwe. Mume wake na mdogo wake wa kike wote wawili walikufa na kikohozi kile kile, na wote wawili walikuwa wakila katika beseni lile lile. Mtu aliyezika wawili hivyo, ukimwambia hatari imekwisha, anakusikia vizuri, lakini mkono wake unaendelea kuchukua sahani kabatini. Sijui kama mimi ningekuwa bora. Nadhani nisingekuwa.

Jumanne ya wiki ile alifika mtu wa kliniki kwa baiskeli isiyo na breki. Alisimama kwa kuingia katika uchanja wetu wa kukaushia samaki. Sisi tulimwita dokta, yeye akasema si dokta, tukaendelea kumwita dokta. Alitaka kuwapima watu waliolala nyumba moja na mgonjwa. Akatuchoma sindano ndogo mkononi, juu juu chini ya ngozi, mama mkwe, mume wangu na mimi. Mulamu akapandisha mkono wa gauni.

"Na miye?"

"Wewe tunakujua tayari," dokta alisema.

"Ah! Hivi nilisha kuwa mutu mukubwa, banajua miye bila kunipima."

Dokta akatuambia tusikune, tusikande, tusipake kitu; angerudi Ijumaa kusoma mikono yetu. Kabla ya kuondoka akamwomba mama mkwe amtafutie kambale, na awe mzima anayetembea, kwa sababu mke wake, mtu wa mjini, hakumwamini samaki yeyote ambaye hakumwona akifa.

Basi ikafika Ijumaa ya upepo. Kwa kuwa mitumbwi haikutoka, hapakuwa na samaki wa kununua ufuoni, na vidole gumba vya wanawake wa Nchelenge vilikuwa havina kazi. Hapa inanipasa nieleze kidole gumba. Samaki anaposhushwa, mnunuzi hamsikilizi mvuvi anayeapa kwamba amemvua sasa hivi. Anamkanda kwa kidole nyuma ya kichwa. Nyama ikirudi juu mara moja, ni samaki wa leo. Ikirudi kwa uvivu, ni wa jana. Shimo likibaki, ni wa juzi, na mvuvi aombe radhi. Kidole bora ufuoni kilikuwa cha mulamu. Hata Wakongo waliofika na maboti makubwa kutoka ng'ambo walimwita akande kabla hawajafungua pochi.

Mikono yetu ilikuwa imeanza kujionyesha. Wa mama mkwe ulikuwa na uvimbe mgumu, mwekundu, kama nusu ya limau dogo. Wa mume wangu ulikuwa na uvimbe wa kadiri. Wa kwangu ulikuwa kama haujawahi kukutana na sindano. Nilijifurahia kimoyomoyo. Niliwaza: nimekuja na mwili safi kutoka Kilwa.

"Dokta atasoma nini hapa?" mama mkwe akauliza, akigeuza mkono juani. "Mukono ni nyama, nyama inapimwa." Akasita kidogo. Kisha akamnyooshea binti yake mkono, yeye ambaye kwa mwaka mzima alimpokelea kila kitu kwa ncha za vidole. "Kanda, tuone."

Mulamu alifuta kidole gumba kwenye kanga. Akakanda uvimbe kwa heshima zote, kichwa kimeinama, kama amekabidhiwa samaki wa chifu. Uvimbe haukubonyea hata kidogo.

"Bamayo," akamwambia mama yake, "hii ni samaki ya leo. Hii iko bado inapumua."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Mume wangu, aliyekuwa amelala kivulini kwa kukosa ziwa, akaletewa kidole pale pale alipolala: wa jana, lakini analika. Kisha ikafika zamu yangu. Mulamu alikanda mkono wangu laini, akaunusa, akafunga macho.

"Mulamu wangu. Pole sana. Juzi."

"Juzi!" mama mkwe akapiga makofi. "Banatuuzia muke ya juzi! Hawa batu ya Kilwa!"

"Mumutie chumvi nyingi," mume wangu akasema bila kufungua macho, "atafika mpaka Krismasi."

Sasa furaha yangu ya mwili safi iliniponyoka. Nilijua fika kwamba mkono si samaki. Lakini kidole cha mulamu kilikuwa hakijawahi kukosea, na nilitumia asubuhi yote nikijikanda mwenyewe jikoni, nikitafuta mahali popote kwenye mwili wangu panaporudi juu.

Dokta alifika saa nne hivi, akasimama tena kwa msaada wa uchanja. Alipima uvimbe kwa rula ndogo, akaandika, na kwa kuwa alikuwa na nyumba nyingine za kuzunguka kabla ya joto, alisema kwa haraka. Uvimbe maana yake mwili umeshawahi kukutana na mikrobe ya kifua kikuu na unaikumbuka. Mkono mtupu, mwili haujaonyesha kuikumbuka. Angerudi mchana kumchukua kambale wake na kueleza vizuri. Akapanda baiskeli, akaenda.

Kambale mwenyewe alikuwa ndani ya tenga lenye kifuniko, kando ya ukuta, ameletwa jana jioni na kufunikwa majani mabichi. Kila baada ya muda tenga lilisogea peke yake.

Mama mkwe aliufunika mkono wake kwa kanga. Uvimbe ulikuwa umeacha kuwa samaki wa leo. Ulikuwa umekuwa mgeni aliyelala ndani ya nyumba bila kuonekana.

"Mwili yangu ilikutana na mikrobe wapi?" akauliza hewani. "Miye sikukula naye. Sahani nilitenga. Kila siku nilitenga."

Mulamu aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na sahani ya jogoo, ameifuta ikang'aa, akaiweka chini mbele ya mama yake kwa mikono miwili na goti moja chini, kama mtu anavyompa mkubwa zawadi.

"Bamayo. Muchukue. Nitawaachia na bwana yangu."

Sikujua kama ilikuwa mzaha. Mpaka leo sijui, na nimemuuliza. Anasema: "Nusu."

Mama mkwe aliitazama sahani, na yeye ni mtu asiyegeuza sheria yake kwa sababu imemgeukia mwenyewe. Hilo namsifu. Akasema basi, kila mwenye uvimbe atakula peke yake, naye wa kwanza. Hapo tukagundua kwamba nyumba haikuwa na sahani nyingine. Mama mkwe alichukua ya jogoo. Mulamu akapewa kifuniko cha sufuria, kilichopinduliwa, kikayumba kila alipomega. Mume wangu, ambaye siku ile hakutaka kwenda kwa majirani kuonyesha mkono, alikula katika bakuli la kunyolea. Na beseni, beseni kubwa la familia, lililobeba bukari ya ndoa na ya matanga, likawekwa mbele ya mtu mmoja tu aliyekuwa na mkono mtupu.

Ndipo nikala peke yangu pale katikati ya mkeka, mke wa juzi, na beseni la watu sita.

"Kula, mulamu," yule wangu akasema kutoka kwenye kifuniko chake. "Usituachie. Siye tuko bagonjwa."

Nilimega tonge, nikachovya. Mboga ilikuwa chisense, wale samaki wadogo wa kukaangwa wazima, na kila mmoja alinitazama. Nafikiri hapo ndipo nilipojua sahani ya jogoo ilikuwa na ladha gani, ingawa mimi nilikuwa na beseni.

Dokta alirudi akatukuta hivyo. Alisimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja, akalitazama bakuli la kunyolea. Akauliza kama ni mila ya hapa. Tulipomweleza alikaa chini kwenye mkeka, akavua kofia, akasema ni kosa lake kuondoka na nusu ya maneno.

Alisema Kibemba cha mjini, chenye Kiingereza kila kona, nami nakiandika kwa Kiswahili kama nilivyokielewa. Mikrobe inaingia kwa pumzi, inashuka mpaka kwenye mapafu. Pale pana seli za kinga, akaziita walaji, kwa sababu kazi yao ni kumeza kila kitu kigeni kinachoingia. Mlaji anaimeza mikrobe. "Kama samaki akiingia kwenye wavu," akasema. "Amekwisha."

"Samaki gani?" mulamu akauliza.

"Samaki yeyote."

"Awe, hapana, dokta. Sema samaki gani. Chisense akiguswa anakufa. Ile samaki pana banaitaka 'pale', akitoka mu maji anakufa. Lakini iko wengine..."

Nitaapa kwamba hatukupanga. Tenga kando ya ukuta lilijipiga upande, kifuniko kikaruka, na kambale wa dokta akatoka kifua mbele, masharubu yote nje, akaanza kusafiri juu ya vumbi kuelekea mkeka. Tangu jana jioni hakuwa ameonja maji. Dokta alipanda juu ya kinu. Mume wangu alimkosa mara mbili, yeye mvuvi. Mulamu alimrukia na kanga yake, akamkunja kama mtoto mkaidi, akamrudisha ndani, na mama mkwe, bila kungoja kifuniko kifungwe kamba, akakaa juu ya tenga.

Tenga likatikisika chini yake. Yeye akatulia juu.

"Kambale," mulamu akasema, akipangusa ute mikononi. "Njo huyu nilikuwa nataka kusema."

Dokta alishuka kwenye kinu. Namsifu pia kwa hili: angeweza kushikilia wavu wake, lakini aliuacha. Akamwambia mulamu: mama, umenisahihisha, ni kambale. Mikrobe hii imevaa koti la nta. Mlaji anaimeza, na tumboni mwake angepaswa kuiunguza. Lakini mikrobe inalizuia lile tumbo lisipate moto. Inakaa mle ndani nzima, inakula, inazaa.

"Basi mulaji ni mujinga," mama mkwe akasema kutoka juu ya tenga.

"Si mjinga, mama. Bado hajajua amemmeza nani."

Basi nini kinatokea, tukamuuliza, na nadhani mimi ndiye niliyeuliza, ingawa mulamu anadai ni yeye, na nimwachie. Dokta akasema kuna wajumbe. Wanachukua kipande cha mikrobe, wanasafiri nacho mpaka kwenye tezi, pale shingoni na kifuani, ambako wanakaa askari wengi sana ambao hawajawahi kupigana. Mjumbe anapita akionyesha kile kipande: unamjua huyu? Hapana. Wewe? Hapana. Mpaka anampata mmoja aliyezaliwa na ufunguo unaoingia pale pale. Huyo anaanza kujizidisha, wanakuwa jeshi. Inachukua wiki kadhaa. Kisha wanashuka mapafuni, wanawafikia wale walaji walioshiba na kambale mzima tumboni, na wanawaletea neno.

"Neno gani?"

"Washeni moto."

Mlaji aliyepokea neno hilo, akasema, si yule wa mwanzo. Anakuwa mkubwa, mwenye hasira, tumbo lake sasa linaunguza, na mikrobe nyingi zinafia humo. Zile zisizokufa, walaji na askari wanazizunguka, wanashikana bega kwa bega mpaka wanakuwa ukuta, na mikrobe inalala katikati. Kisha baadhi ya wale askari wanabaki mwilini miaka mingi, wazee wenye kumbukumbu. Jumanne alipotuchoma, alituwekea chini ya ngozi vipande tu vya mikrobe, vilivyokufa, visivyoweza kumdhuru mtu. Wazee wakavitambua, wakakimbilia mkononi. Uvimbe ulikuwa mkutano wao.

Mulamu alikuwa amefuata kila neno kwa midomo.

"Donc, basi, mulaji hakupata nguvu peke yake," akasema. "Mutu alikuja kumupigia kelele."

"Ndivyo."

"Sawa na miye na vidonge." Akamtazama mama yake. "Kila asubuhi: meza! meza!"

Mama mkwe hakulipokea hilo. Alikuwa akiwaza, mikono juu ya magoti, na chini yake kambale alikuwa akipiga mkia polepole. Kisha uso wake ukafunguka.

"Ngoja," akasema. "Mikrobe njo huyu hapa chini. Tenga ni mapafu yangu. Na ukuta..." Akajipigapiga kiunoni. "Ukuta njo haya makalio!"

"Mama," dokta akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa kicheko, "sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi."

"Na nikisimama?"

"Ukisimama anatoka. Huo ndio ugonjwa. Wengi wanakaa juu ya tenga maisha yote na hawasimami kamwe."

"Nani anasimamishaka batu?"

Dokta akaacha kucheka. Njaa, akasema, uzee, pombe nyingi, ugonjwa mwingine unaowachosha askari. Akamuuliza kama anakohoa, kama anatoka jasho usiku, kama nguo zinampwaya. Hapana, hapana, na la nguo mulamu alimjibia. Basi uvimbe wako haujasema una ugonjwa, akasema. Umesema unamjua adui. Ila ukikohoa wiki mbili tatu bila kupona, usingoje, njoo. Na yule bwana mwenye bakuli la kunyolea naye vile vile.

"Miye yangu alitoka," mulamu akasema. "Alitoka, akacheza muziki mu nyumba yote."

"Wako alitoka," dokta akakubali, "na dawa zikamuua pamoja na moto wa walaji. Wewe sasa humpi mtu kitu."

Nikauliza habari ya mkono wangu, kwa sauti ndogo. Aliniambia kwa uaminifu kwamba mkono mtupu una njia mbili: labda sijakutana na mikrobe, labda nimekutana nayo na askari wangu wamechoka au wamelala hawakuitikia. Rula haiwezi kutofautisha. Niende kliniki tena baadaye. Nilikwenda, nami niseme hapa nisije nikamweka mtu roho juu: safari ile kulikuwa na kiuvimbe, kidogo, na hakuna ugonjwa. Mulamu alikikanda akanipandisha cheo mpaka jana. Lakini mchana ule sikuwa najua, na nilikaa na beseni langu nikiwahurumia askari wangu kwa kila njia, waliolala na wasiozaliwa.

Kisha mama mkwe akauliza lile ambalo lilikuwa limekaa nasi mkekani tangu mwaka uliopita. Aliuliza akitazama kwingine, kwenye moshi wa jiko.

"Na sahani?"

"Sahani gani?" dokta akasema.

Akanyoosha kidole kwa jogoo wa buluu.

Dokta hakuelewa, ikabidi mume wangu amweleze. Alijibu taratibu. Ugonjwa huu unapita kwa pumzi, kwa kikohozi, katika nyumba iliyofungwa madirisha. Haupiti kwa bukari. Haupiti kwa bakuli la mboga. Hata zile siku za mvua mulamu alipokohoa, sote tumekaa jikoni tumefunga mlango, sahani haikumkinga mtu.

Upepo ulikuwa umeanza kupungua, na tukasikia kambale anavyopumua ndani ya majani.

"Ni yeye aliyenipa?" mama mkwe akauliza.

"Siwezi kujua, mama. Labda yeye. Labda mume wako, zamani. Labda uliipata ukiwa msichana ufuoni. Mkono hauandiki tarehe."

Naandika hili kwa haki ya wote: hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Mama mkwe hakusema nilikosea, mulamu hakusema mulinionea. Mama mkwe alisema, "Miye niliogopa," basi. Mulamu akasema, "Eya, Bamayo. Najua." Akamsaidia kuinuka kutoka kwenye tenga, akakaa yeye mahali pake ili kambale asipate nafasi.

Wakati wa kuondoka dokta alilitazama tenga, akaitazama keria ya baiskeli yake, akakumbuka breki. Akasema baada ya kila alichotueleza hawezi kupanda baiskeli na mikrobe mzima nyuma ya mgongo. Mke wake atakula maharagwe. Mume wangu akamshindilia mfuko wa chisense wakavu, akaenda zake, na safari hii uchanja ulipona.

Kambale alikufa jioni, kwa rungu na kwa heshima. Mimi nilimkata, mama mkwe akamchemsha na nyanya na kitunguu. Kawaida mama mkwe ndiye anayeonja na kusema samaki ameiva; wakati wa ugonjwa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa sufuria. Jioni ile alifungua kifuniko, kile kile kilichokuwa sahani ya binti yake mchana, mvuke ukampiga usoni, akarudi nyuma na kuketi.

"Kuja kukanda," akamwambia mulamu. "Macho yangu haioni vizuri."

Macho yake yaliweza kuona deni la mtu kutoka ng'ambo ya ziwa. 

Mulamu alinawa. Alinawa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, mpaka nikadhani atatoa ngozi. Akapenyeza kidole gumba ndani ya sufuria ya watu wote, akaikanda nyama nyuma ya kichwa, akavuta kidole akakilamba.

"Vipi?" mama mkwe akauliza.

"Anaiva." Akafikiri kidogo. "Lakini yeye ni kichwa ngumu. Mumupe moto kidogo tena."

Tulikula giza lilipoanza kuingia: bukari ya muhogo, kambale wa dokta na mchuzi wake, na sombe, majani ya muhogo, iliyobaki tangu jana. Wanawake watatu, beseni moja. Kichwa cha kambale mama mkwe alimsukumia mulamu, na mulamu akakivunja akanipa mimi shavu, akisema watu wa juzi wanahitaji nguvu. Pilipili na chumvi tuliziweka kwenye sahani, moja upande huu na nyingine upande ule, jogoo akiwa katikati.